Kunguru Saba Kwenye Waya

Kunguru walikuwa saba. Akawahesabu tena, ncha ya kalamu ikigonga kioo cha kompyuta, mmoja mmoja. Saba.

"Dada, unacheza au unakagua?" mwenye duka akamtania. "Wenzako wakifika hapo wanakimbilia stesheni, wewe unahesabu ndege!"

"Gemu hii umeipata wapi?"

"Nimepewa na jirani, naye kapewa na mwingine huko. Ndiyo inayotamba mwezi huu. Lete flashi nikuwekee na wewe."

"Na walioitengeneza?"

"Aa, hao matajiri bwana! Kwani wanatujua?"

Tajiri mwenyewe alikuwa ndiye yeye, dada aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, viatu vimeachia soli. Aliinuka, akaaga, akatoka.

Gemu ile ilikuwa imemla miaka mitatu. Walikuwa watu watatu katika chumba kimoja: yeye akiandika programu, mchoraji akichora, na mdogo wake wa tumbo moja akitengeneza sauti zote, kuanzia honi ya treni hadi mlio wa kunguru. Mdogo wake huyo walimwita Msumari tangu utotoni, kwa wembamba wake. Wiki ya kwanza watu walinunua mpaka mchoraji akacheza ngoma juu ya meza. Wiki ya pili mauzo yakakatika kama maji ya bomba. Lakini mtandaoni, lo! Watu maelfu kwa maelfu walikuwa wakiicheza, wakiisifu, wakiulizana stesheni ya tatu inavukwaje. Sifa kemkem, mnunuzi hata wa dawa hakuna. Mwisho wa mwezi ofisi ingefungwa, na mchoraji alikwisha kuanza kuomba kazi kwingine.

Kuna aliyeivujisha bure, na mwizi huyo alikuwa miongoni mwa watano. Kabla ya kuitoa, aliwapa watu watano tu nakala za kujaribia, na kwa siri, kwenye waya wa umeme pale stesheni, kila nakala aliiwekea idadi yake ya kunguru, tofauti na nyingine zote. Hakumwambia mtu. Hata ya mdogo wake aliitia alama, asijionee kuwa anapendelea. Aliitia saba.

Njia nzima alikuwa akiomba awe amekosea hesabu.

Msumari alikuwa ofisini, vidude vya kusikilizia masikioni, akirekodi mvua kwa kumwaga mchele juu ya bati. Hadi siku ile alikuwa bado anafanya kazi kana kwamba kutakuwa na gemu ya pili.

"Nakala iliyovuja ni yako," dada yake alimwambia.

Msumari akauweka mchele chini. Hakuuliza amejuaje. Hakukana. Dada mtu alitaka sana akane, apige kelele, aape kwa kaburi la baba yao.

"Ilitoka kwangu, dada. Nisamehe."

"Ulimpa nani?"

Msumari akaanza kuokota punje za mchele zilizomwagika.

"Walikulipa?"

"Niulize kingine chochote, hicho siwezi."

"Msumari, ni mimi! Nimekubeba mgongoni mimi! Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Mchoraji, aliyekuwa mezani kwake pembeni, akajifanya anachonga penseli. Msumari alisimama, akatoa funguo za ofisi mfukoni, akaziweka mezani taratibu.

"Nifukuze. Nitangaze kwa watu wote ukitaka. Ila nakuomba, dada yangu, mama usimwambie."

"Leo ndiyo unamkumbuka mama? Ulipokuwa unatuuza hukumwona? Toka! Na usiniite dada tena."

Akatoka bila hata kuchukua koti lake.

Dada mtu alikaa na hasira zile mpaka alasiri, zikamshinda. Kwa nini alindwe? Mama aliwasomesha wote wawili kwa kupika sabuni na kuizungusha mitaani mpaka magoti yakamgomea. Basi naye ajue ni mtoto wa namna gani anakaa naye nyumba moja. Alikwenda moja kwa moja kwake, maneno ameyapanga mdomoni.

Mama alimfungulia mlango kwa shangwe, kisha akamtazama vizuri.

"He! Mbona uso umekushuka hivyo, mwanangu? Unaumwa?"

Maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka. Akajikuta analia kama mtoto mdogo pale pale mlangoni.

"Mama, tunafunga ofisi. Gemu yetu hainunuliwi."

Alitaka kuendelea, amtaje Msumari, lakini hakupewa nafasi. Mama akamvuta ndani, akamkalisha, akamfuta machozi kwa kiganja.

"Nyamaza, mama, nyamaza. Biashara mpya ndivyo ilivyo. Hawanunui kwa sababu hawajaijua. Unadhani sabuni yangu walianza tu kuinunua? Niliikata vipande, nikagawa bure mtaa mzima, wakanawa, wakaipenda, ndipo wakaja wenyewe."

Kisha akamsogelea, akashusha sauti, macho yakimng'aa.

"Sikutaka ujue, ila siwezi kukuona unalia nami nimenyamaza. Gemu yako niliichukua kwenye kompyuta ya mdogo wako, nikaipeleka bure maduka tisa, kwa miguu yangu hii. Juzi kaninyang'anya flashi, hataki hata kuniambia kwa nini; lakini usijali, mwanangu, nimenunua nyingine, na kesho namalizia maduka yaliyobaki."