Kakakuona Amgeuzia Bosi Magamba

Kwa Nyati, mjenzi wa nyumba za wanyama, hakuna aliyechimba msingi kama Kakakuona. Lakini kila bosi alipokuja kukagua kazi, Kakakuona alijikunja duara na kuficha uso.

Siku moja Nyati alisimama mbele yake kitambo, akaguna, akaondoka. Kakakuona akajikunjua.

"Amenifukuza?" alimuuliza Kicheche, mwenzake wa zamu.

"Alikuja kukufanya msimamizi wetu. Ulipomgeuzia magamba, akaniuliza amekukosea nini. Anadhani unamdharau."

Haya zilimjaa Kakakuona, akakosa pa kuuweka uso. Alikwenda kwa Nyati, akabisha hodi. Mlango ulipofunguliwa alijikunja tena, ila pua aliiacha nje.

"Sikudharau, mzee," alisema. "Nakuogopa tu."