Swala Aliporudi na Watoto Wawili

Katika zama ambazo mbuga bado inazitamani, Swala alimficha mwanawe majanini, kama ilivyo desturi ya ukoo wake, akaenda kula mbali naye ili harufu yake isimvute fisi. Aliporudi, mtoto hakuwapo. Akatoka mbio kumtafuta, huku nyuma majirani wakiacha shughuli zao na kukusanyika kumjadili.

“Mama gani huyo? Wangu hawatoki shimoni bila mimi,” alisema Ngiri. “Tena nasikia alikuwa amelala.”

“Bi Ngiri, ulimwona amelala?” aliuliza Kobe, ambaye hakukubali neno lisilo na shahidi.

“Babu Kobe nawe! Si kila mtu anasema?”

“Nimeuliza kama uliona.”

Kabla hajajibiwa, Swala alitokea na watoto wawili: wake, na wa Ngiri, aliyemkuta akilia peke yake karibu na pango la fisi. Ngiri hakuwa na habari kwamba mwanawe ametoka.

Wote walimgeukia Swala, wakingoja naye aseme lake.

“Mnyonyeshe, dada,” akasema. “Ana njaa.”

Siku hizo bado walikuwapo waliomrudisha mtoto wa mwenzao bila kuuliza mama yake alikuwa wapi.