Mkono wa Beki

Gari la mikate lilikuwa limeshaondoka kabla mlango wake wa nyuma haujafungwa. Jiwe la kwanza liligonga bati, la pili likaingia ndani na kutua kwenye kreti tupu. Nje ya geti la nyuma la uwanja watu walikuwa wakipiga kelele, wanataka wapewe wawili: mshika kibendera na beki wa kulia.

Wote wawili walikuwa humo garini, na dereva angefurahi kuwashusha papo hapo.

Alikuwa shabiki wa timu ya beki huyo tangu hajaota ndevu. Bao la mwishomwisho lilikuwa limewamaliza. Mabeki walipanda ili mfungaji wa wageni aotee. Beki wa kulia akainua mkono kudai ameotea. Kibendera kikabaki chini, mpira ukalala wavuni. Mshika kibendera akatamka mbele ya kila mtu: huyu wa kulia alibaki nyuma ya wenzake, bao ni halali. Dereva alikuwa mbali, nyuma ya goli. Alichoona ni ule mkono tu, umesimama juu kama mti wa bendera.

Katibu wa klabu ndiye aliyemwomba awatoroshe. "Na masikio yako yawe wazi," alimnong'oneza. "Kesho kamati inakaa kuhusu huyo beki. Mkataba wake uko mashakani."

Wakati wa kupanda, mzee wa kibendera alisita mlangoni, mguu unatafuta pa kukanyaga. Beki alimkamata kwapa akamtupa ndani kama gunia la unga. "Panda huko! Unangoja wakuue?"

Angalau hilo kalifanya vizuri, dereva alisema moyoni.

Walipoingia barabara kubwa, akafungua kidirisha kilichokuwa nyuma ya kiti chake.

"Haya, wewe beki. Kipa anaapa kwamba mlikuwa mstari mmoja wote. Nimekusikia ukimwambia afunge mdomo. Kwa nini?"

"Kipa ni rafiki yangu. Ananitetea tu."

"Kipa ni muongo," mshika kibendera akadakia. "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mstari, si yeye. Na huyu sikuanza kumjua leo. Anashangaa mpira, mtu anampita mgongoni. Akishapitwa hakimbii, anainua mkono, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni! Mkono unatangulia miguu. Na kugeuka, hajui ila kwa bega la kulia. Hata umwite kula, atazunguka dunia nzima kwa bega la kulia ndipo akuone."

Dereva alicheka, ingawa hakutaka. Mzee alikuwa na jicho, hilo huwezi kumnyima.

"Lakini na wewe usidhani nakupenda," akamwambia. "Ungekiinua hicho kitambaa, mkono usingekatika."

"Kibendera changu hakijui mtu."

"Koo lako je, linajua maji?" Dereva alipitisha chupa kidirishani. "Kunywa, usije ukanifia humu ndani."

Mkono wa mzee ulipita kando ya chupa. Beki akainyakua, akambamizia nayo kiganjani. "Shika! Au unataka kunyweshwa kama ndama?"

"Ama kweli mnachukiana nyinyi," dereva akasema. Akaendesha kidogo, kisha akamgeukia beki. "Wewe, swali ni moja tu, na kesho nitaulizwa. Ulibaki nyuma au hukubaki?"

Kreti ziligongana. Kwenye kioo dereva alimwona beki akimtazama mzee kwa muda mrefu. Mzee alikuwa amenyanyua kidevu, uso kauelekeza mlangoni, chupa kaikumbatia.

"Nilibaki nyuma," beki akasema.

"Utalirudia hilo mbele ya kamati?"

"Nitalirudia."

"Watakufukuza."

"Endesha gari, kaka."

"Umemsikia?" mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Umemsikia mwenyewe?"

Kwenye stendi ya mabasi beki alipiga mlango teke, akaruka chini, akamvuta mzee kwa ukosi wa shati. "Shuka! Ngazi hiyo, na nyingine. Usije ukavunja pua ukanisingizia mimi." Dereva alitema mate dirishani, akatia gia.

Kamati ilikaa. Dereva alieleza aliyoyasikia, beki akayarudia neno kwa neno, mkataba ukavunjwa. Timu ilishuka daraja. Kipa alihama, na kila alikokwenda aliendelea kuapa kwamba siku ile walikuwa mstari mmoja, watu wakamchoka. Beki hakupata timu nyingine. Aliajiriwa kupakia saruji. Mshika kibendera alimaliza msimu wake, na chama cha waamuzi kikamwandalia sherehe ya kustaafu, kwa ushujaa wa kutoinua kibendera mbele ya watu wenye mawe.

Dereva ndiye aliyepeleka mikate ya sherehe. Alikuwa amesimama mlangoni na trei mikononi mzee alipoitwa jukwaani. Aliyempandisha, kamshika kwapa, alikuwa beki.

"Ngazi, Mjomba," alikuwa akimwambia. "Na nyingine. Basi."

Mwenyekiti alinyoosha mkono. Mkono wa mzee ukapita kando, kama siku ile ulivyoipita chupa. Beki akaudaka, akauweka ndani ya ule wa mwenyekiti.