Mashine ya Baridi ya Bwana Jaku

Fundi Pandu aliposhusha nyundo ya kwanza ukutani, Bi Time alipiga ukelele kama aliyepigwa yeye.

"Bomoa, fundi! Bomoa na mbavu zangu kabisa!"

Chokaa ilimwagika juu ya kitanda. Masoud, mumewe, alisimama mlangoni, mikono nyuma. Ng'ambo ya kichochoro, karibu uweze kupeana mkono, dirisha la jirani yao Bi Mashavu lilikuwa wazi. Mtaa wa Mkunazini, Unguja mjini, ndivyo ulivyo. Mtu akipiga chafya huku, anaombewa rehema kule. Na Bi Time hakujaaliwa kunong'ona. Tokea ujana wake, akifurahi mtaa mzima unajua, akikasirika unajua zaidi.

Safari hii hasira zake zilikuwa na sababu.

Mwaka ule wa sabini na moja, Bwana Jaku, mkubwa serikalini, alikuwa mtu wa kuogopwa. Alitembea na bastola kiunoni, na wake alikuwa nao tayari. Alimuona Mwanapili, binti yao wa pekee, akitoka skuli, akatuma mtu nyumbani kwao. Hakutuma kuposa; alituma kutoa habari kwamba atamuoa. Baba mmoja wa Kiembe Samaki aliyewahi kumkatalia alichukuliwa na gari, na mpaka leo mkewe hajui amwekee matanga au amsubiri.

Bi Time alitarajia mumewe akatae, au angalau alie. Masoud alivaa kanzu yake, akaenda kwa Bwana Jaku, akarudi anatabasamu. Amekubali. Tena ameomba kitu.

"Umeomba nini?"

"Mashine ya baridi, ya chumbani kwetu. Anayo moja, imebaki kwenye nyumba ya Mzungu aliyeondoka."

Bi Time alidhani hakusikia vizuri. Chumba chao kilikuwa na madirisha mawili, na upepo ukipita humo mchana na usiku. Miaka yote ya ndoa yao hajapata kumsikia Masoud akilalamikia joto.

"Mwanangu kwa sanduku la upepo?" alipiga kelele. "Huoni haya, Masoud? Hata mbuzi wa Idi bei yake hupatanwa!"

"Nyumba hii ina joto, Bi Time," alisema Masoud taratibu.

"Joto! Una joto la tamaa wewe! Irudishe huko kwa mwenyewe!"

"Itawekwa."

Kuanzia hapo hakumpa nafasi ya kupumua. Alimtukana kwenye chai, alimtukana kwenye chakula cha mchana, alimtukana kutoka jikoni yeye akiwa msalani. Masoud alikula, akanawa, akaenda zake. Bi Mashavu aliyasikia yote, na mumewe, asiyekosa jioni barazani kwa Bwana Jaku, aliyafikisha. Ikasemwa kwamba Bwana Jaku alicheka mpaka akakohoa. Alipendezewa na mkwe mwenye tamaa. Masoud alipomuomba kwamba Mwanapili apelekwe Mtoni kwa shangazi yake, awekwe ndani na kusingwa mwili kwa manukato mpaka siku ya harusi, Bwana Jaku alitoa ruhusa bila ya kuuliza neno.

Masoud alimpeleka mwenyewe. Kilichomchoma zaidi Bi Time ni kuwa mtoto, aliyelia siku zote zile, asubuhi hiyo hakuwa na chozi. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akajitanda buibui, akafuatana na baba yake kama anayekwenda skuli. Keshamrubuni na mtoto, alijisemea Bi Time.

Sasa tundu la ukutani lilikuwa tayari. Pandu aliiingiza mashine, akaziba pembeni kwa saruji, akayapigilia mbao madirisha yote mawili ili baridi isitoke. Chumba kikaingia kiza.

"Nikwambie kweli, bwana," alisema Pandu kwa haya, "mashine yenyewe kuukuu. Inanguruma."

"Sana?"

"Hata azana hutoisikia."

"Itatufaa," alisema Masoud, akampa mkono wa shukrani.

Bi Time alisikia. Fundi hajamaliza kushuka ngazi, yeye keshatoa kikapu chake uvunguni na kuanza kutia kanga.

"Nnakwenda Mtoni kwa mwanangu! Sasa hivi! Nikiingia kwa wifi yangu sitoki, na huyo Jaku wako aje aniue mlangoni! Wewe baki hapa ulale na mke wako wa chuma!"

Masoud alimshika mkono. Hakuwa mtu wa kumshika mkewe kwa nguvu, lakini safari hii alimvuta mpaka chumbani, akafunga mlango, akaiwasha mashine. Ikakohoa, ikatikisika, ikanguruma mpaka kitanda kikatetemeka. Bi Time alimpiga ngumi za kifua, akahisi midomo yake mwenyewe inakwenda na sauti yake haisikii. Masoud hakujikinga. Aliinama, akamwekea mdomo sikioni.

"Mwanapili hayupo Mtoni. Yupo Mombasa kwa kaka yako. Nimepata habari asubuhi, kafika salama."

Bi Time aliachia ukelele ambao mtaa haujapata kuusikia. Haukutoka nje ya chumba. Masoud alimuacha alie, acheke, ampige tena, amshike uso kwa mikono miwili, mpaka akachoka. Kisha akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Na sisi zamu yetu ya kuvuka ni Ijumaa," alisema, mkono wake ukienda kwenye swichi. "Nnaizima sasa. Ikinyamaza tu, endelea kunitukana."