Jumatatu ya Kupunguza Hewa

Kila Jumatatu mitambo ya mji ilipunguza uzito wa hewa juu ya nchi kavu. Hewa nzito ya baharini ilikuja mbio, ikapinda njiani, upepo ukavuma kando ya pwani na kuyasukuma maji ya juu mbali na ufuo, na maji baridi yenye chakula cha samaki yakapanda kutoka chini. Dagaa walikuwa tele. Ila watoto waliumwa masikio, ndiyo maana akina mama waliwatafunisha ubani mpaka king'ora cha kuizima mitambo kilie.

Mwanaidi, mgeni pale mjini, alimpakata mwanawe Shee aliyekuwa akilia, ubani kautema.

"Leo wamezidisha, dada," alimlalamikia jirani yake, Khuzaima.

"Ee?" Khuzaima alipaza sauti, kama kawaida yake. "Atazoea huyo! Wangu wote walizoea. Au dagaa huwataki?"

Mwanaidi akacheka, maana alikuwa nao jikoni.

Jumatatu iliyofuata Shee hakulia. Alikaa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa, katulia kabisa. Mwanaidi akamshukuru Mungu, akapakua chakula, akamwita.

Akamwita tena. Akagonga sufuria kwa mwiko, kwa nguvu.

Shee aliendelea kupanga vifuniko vyake, mgongo kampa mama yake.