Maneno ya Mlangoni mwa Ahera

"Nimesema huo mstari utoe."

"Siutoi, kaka. Ndio unaochekesha kuliko yote."

Mazoezi yalikuwa yamekwama. Kaka mtu kasimama katikati ya jukwaa, uso wote umepakwa unga, maana kwenye mchezo yeye ni mume aliyekufa. Anafika ahera, anamkuta mkewe aliyetangulia, wanaanza kubishana mlangoni kama ndoa yao bado ipo au iliishia kaburini. Vichekesho hivyo kavitunga mdogo wake.

Ukurasa wa mwisho ndio kwanza wamepewa leo. Mwigizaji wa kike akausoma: "Si nilikwambia usiharakishe kuja? Nilitaka kwanza nilale bila mkoromo wako." Kundi zima likaangua kicheko.

Kaka mtu akamgeukia mdogo wake. Hayo maneno aliambiwa na mkewe hospitalini, mkewe wa kweli, kamshika kidole gumba, sauti inakatika. Hakumsimulia mtu ila mdogo wake.

"Nilikwambia wewe, siku ya msiba, nalia. Sikukupa ukawauzie watu tiketi."

"Lakini shemeji alikuwa anatania, kaka. Angefurahi watu wakicheka."

"Alikuwa ananitania mimi. Mimi peke yangu."

"Kesho tunafungua pazia. Mstari unabaki."

Jasho lilikuwa limechimba mifereji kwenye unga. Akajipangusa kwa kiganja, nusu ya uso ikabaki nyeupe.

"Haya. Tafuta marehemu mwingine."

Akashuka jukwaani, akatoka, akaubamiza mlango.