Ajifunze Kukaa Chini

Barua ya kumfukuza mwalimu ilikuwa imeshapigwa chapa kabla mkaguzi hajafika. Ilibaki sahihi tu. Kwenye mkoba wake alikuwa pia na barua nyingine, ya kumbakiza kazini, lakini hiyo aliibeba kama mtu anavyobeba mwavuli wakati wa kiangazi.

Walimu walimwita Wembe, kwa siri. Alijua, na jina lilimpendeza.

"Mwalimu wako simjui kwa sura, namjua kwa ripoti," alimwambia mkuu wa kituo wakitembea varandani. "Somo la dakika arobaini na tano, yeye anasema arobaini na moja! Wageni wa watu wamevuka mipaka kuja kujifunza Kiingereza, kumbe wamekuja kumsikiliza yeye."

"Anaipenda kazi yake, mama."

"Hata mbu anaipenda kazi yake."

Chini ya ripoti ya pili, mkaguzi aliyetangulia alikuwa ameandika ushauri kwa wino mwekundu: *Ajifunze kukaa chini.* Leo ilikuwa mara ya tatu, na mara ya tatu haina ya nne. Miaka kumi na tisa ya chaki ilining'inia kwenye ncha ya kalamu.

Mkaguzi akausukuma mlango bila kubisha.

Somo lilikuwa limeshaanza. Watu wazima kumi na wanane, kila mmoja na nchi yake aliyoiacha nyuma. Ubaoni alisimama mwanamke mwembamba, chaki mkononi, vidole vimekunjamana kama vya mtu anayeshinda majini. Alipomwona mgeni aliganda kama mjusi ukutani.

Safu ya tatu, mama mmoja mwenye kilemba cha njano akanyanyuka haraka. "Samahani, mama, mimi..."

"Kaa chini! Sikuja kwa ajili yako."

Akakaa.

"Na wewe wa chaki, endelea. Mimi sipo."

Mkaguzi akaketi nyuma kabisa, akatoa saa yake ya kubonyeza, kama ile ya mwalimu wa michezo. Mwenye kufundisha akifungua mdomo, anabonyeza. Akiufunga, anabonyeza. Hivyo ndivyo alivyowamaliza wengi.

Mwenye chaki hakuufungua. Alinyanyua mfuko wa kitambaa uliofungwa kamba, akautikisa ili wasikie kwamba ndani kuna kitu. Ilikuwa sawasawa na kutega kitendawili, ila mtegaji bubu. Kuuliza likauliza darasa, kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Kinaliwa? Akatikisa kichwa, wakacheka. Kina miguu? Akawaza, akaonyesha vidole viwili. Kinauma? Akajibana sikio kwa vidole hivyo hivyo, akakunja uso. Mwashi mmoja, pande la mtu, alisimama akaanza swali refu, akajikwaa katikati, akajiokota, akalimaliza huku jasho likimtoka.

Saa ilisoma sifuri.

Mkaguzi alitafuta kosa kama atafutaye chawa kwenye nywele za mwana wa jirani. Hakupata, isipokuwa safu ya tatu. Yule wa kilemba cha njano hakutulia. Aliuma kalamu, akajiziba mdomo kwa kiganja, na bado maneno yakampenya vidoleni. Akamsahihisha mwashi. Akamnong'oneza huyu, akamwambia yule, "Tena, polepole." Na kila alichosema kilikuwa sahihi, jambo lililozidi kumchukiza mkaguzi. Mkono wa gauni lake ulikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kiwiko. Muuza unga, mkaguzi akawaza, na amejifanya profesa.

Dakika ya arobaini na tatu mwashi akaruka: kibanio cha nguo! Mwenye chaki akakitoa mfukoni, cha mti, kimechakaa kwa kazi, akasema neno lake la kwanza na la mwisho: "Ndiyo."

Sekunde moja.

Ofisini mkaguzi alikikagua kiti kabla ya kukikalia. "Kiti cha miguu mitatu, na wewe unaita hapa ofisi. Haya. Nilikuja kuchinja, mzee, narudi na kisu kikavu." Akaichana barua ya kufukuza. Akaitandaza ile nyingine, akatia sahihi chini ya jina la mwalimu. "Anabaki. Na mimi sahihi yangu siifuti, alie nani, acheke nani."

"Hujawahi kuifuta?"

"Tangu nizaliwe."

Mkuu akaivuta barua taratibu upande wake wa meza.

"Usichekelee. Darasani kwako mna jipu," mkaguzi akasema, huku kalamu ikikimbia kwenye karatasi mpya. "Yule mama wa safu ya tatu, wa kilemba cha njano. Kasuku! Anaropoka, anawadakia wenzake, anamfanyia mwalimu kazi yake. Kama anajua kiasi hicho, viti vya wanafunzi anavitakia nini? Kuanzia kesho asikae tena pale. Hii amri, na sahihi yake hii hapa. Jina lake silijui, jaza wewe."

Mkuu alitazama darasani kupitia kioo cha mlango.

"Wa kilemba cha njano? Una hakika, mama?"

"Mzee, ukungu uko machoni au masikioni? Andika!"

Mkuu akashika kalamu. Akaisogeza karibu ile barua ya kumbakiza mwalimu, asije akakosea herufi, akalinakili jina.